"Napenda" kwa Kijerumani: gern, mögen au gefallen?

Mwanagenzi aliuliza:

Wana jukwaa, salamu. Ni mwezi wa nne sasa tangu nianze kujifunza Kijerumani, na ninajiandaa kwa mtihani wa ngazi ya A1, yaani ya wanaoanza, wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani. Katika sehemu ya kwanza ya mazungumzo mtahiniwa hujitambulisha kwa kufuata maneno machache aliyopewa: jina, umri, nchi, makazi, lugha, kazi na hobi. Mengine yote ninayamudu, lakini nikifika kwenye hobi ulimi unakuwa mzito.

Juzi nilimwambia mwenzangu wa mazoezi "Ich mag Fußball spielen," nikimaanisha napenda kucheza mpira. Akanijibu "Ah, du spielst gern Fußball," nami nikadhani amenipa habari mpya, kumbe alikuwa ananisahihisha kwa upole. Kisha akanionyesha picha aliyoichora, nikataka kumsifu nikasema "Ich gern das Bild." Alicheka hadi akaweka kalamu chini. Kwetu neno ni moja tu, napenda: napenda kuogelea, napenda muziki, napenda picha hii. Ninaomba mnieleze Mjerumani hugawaje mambo haya, na kwa nini.

Msomaji wa Usiku alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, kosa lako ni la kila anayeanza. Sentensi yako ya mpira haikosi kueleweka, ila Mjerumani mwenyewe kwa kawaida hasemi hivyo. Kiini cha tatizo ni kwamba katika Kiswahili kupenda ndiko kunakobeba nafsi na wakati, na shughuli yenyewe hufuata nyuma kama kitenzi-jina: *ninapenda kuogelea*. Kijerumani hugeuza mpangilio huo. Kitenzi kinachonyambuliwa ni kile cha shughuli, yaani *ich schwimme*, naogelea, halafu kupenda kunaongezwa kama kielezi kidogo tu, *gern*. Kwa hiyo *Ich schwimme gern* ukiifasiri neno kwa neno utapata "naogelea kwa kupenda". Ukishaizoea picha hiyo kichwani, hutatunga tena "ich gern" bila kitenzi, kwa sababu kielezi hakiwezi kusimama badala ya kitenzi katika lugha yoyote kati ya hizi mbili.

*Mögen* iache ishughulike na nomino: *Ich mag Musik*, *Ich mag Katzen*. Angalia tu kwamba umoja wake hubadilika irabu, ich mag, du magst, er mag, ilhali wingi hurudi kwenye wir mögen. Na usiichanganye na *möchte*, ambayo ni kitenzi hichohicho katika hali ya masharti. Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani, kwani *mag* na *möchte* zinahusiana kama *napenda* na *ningependa*. Anayesema *Ich möchte Tee* anaomba chai sasa hivi. Anayesema *Ich mag Tee* anaeleza tabia yake, na huenda asiletewe kikombe.

Mfuasi wa Sarufi alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila amelipita suala la picha, nalo ndilo lenye utamu. Walimu wengi hulifundisha *gefallen* kama fumbo, eti sentensi imepinduliwa. Kwa msemaji wa Kiswahili hakuna kilichopinduliwa, maana sisi tunalo neno lake hasa, nalo ni *kupendeza*. *Das Bild gefällt mir* ni "picha inanipendeza". Picha ndiyo kiima, nawe umeingia kama mtendewa: kile kiambishi *-ni-* kilichojificha ndani ya kitenzi chetu, Kijerumani hukitoa nje na kukiita *mir*. Vivyo hivyo *-ku-* ni *dir*, na *-tu-* ni *uns*. Kwa *-m-* itakubidi uchague, *ihm* kwa mwanamume au *ihr* kwa mwanamke, kwani sisi hatutofautishi jinsia hapo.

Faida ya kufikiri hivi ni upatanisho. Hakuna Mswahili anayeweza kusema "filamu hizi inanipendeza", sikio litakataa. Sikio hilohilo litumie kwa Kijerumani.

Kwa chakula ulichokwisha kukionja, hata hivyo, *gefallen* haifai. Sema *Die Suppe schmeckt mir*, yaani supu ni tamu kwangu.

Mwanagenzi aliandika:

Nawashukuru sana, hasa kwa *kupendeza*, ambalo sikuwahi kulifikiria. Nimejaribu kutunga maelezo yangu, naomba myakague: "Ich lese gern Krimis. Ich fernsehe gern. Am liebsten ich spiele Schach. Mein Lieblingsfarbe ist Blau. Die Filme gefällt mir."

Msomaji wa Usiku alijibu:

Sentensi ya kwanza ni safi kabisa. Ya pili ina kitenzi kinachotengana: *fernsehen* hukatika vipande viwili, na kipande cha *fern* hukimbilia mwisho, hivyo utasema *Ich sehe gern fern*. Ya tatu umeifikiria kwa Kiswahili. Ukiianza sentensi kwa *am liebsten*, kitenzi lazima kishike nafasi ya pili na kiima kisogee nyuma yake: *Am liebsten spiele ich Schach*. Ngazi zake ni tatu, *gern* (kwa kupenda), *lieber* (kwa kupenda zaidi), *am liebsten* (kwa kupenda kuliko vyote), na ya katikati ndiyo utakayoitumia zaidi katika mazungumzo, kwa mfano *Ich spiele lieber Schach als Fußball*. Ya nne, jinsia hufuata neno la mwisho katika neno ambatani: ni *die Farbe*, basi ni *meine Lieblingsfarbe*, ingawa kitabu kitakuwa *mein Lieblingsbuch* kwa kuwa ni *das Buch*. Ya tano nakuachia wewe na sikio lako.

Mwanagenzi aliandika:

*Die Filme gefallen mir.* Zinanipendeza.

Mfuasi wa Sarufi alijibu:

Barabara. Nyongeza moja ndogo: ukiulizwa juu ya jambo usilolipenda, usitafute kitenzi kipya. *Ich koche nicht gern*, sipendi kupika, inatosha, na ni ya adabu kuliko *Ich hasse Kochen*, ambayo wanafunzi huichukua kwenye kamusi kwa sababu wameiona inafanana na "nachukia". Na wingi wa *Hobby* kwa Kijerumani huandikwa *Hobbys*. Anayeandika *Hobbies* ameazima tahajia ya Kiingereza.