SMS ya ruzuku imeleta 23:23:0 badala ya DAP: mfuko mmoja kwa ekari utatosha?

MkulimaCherangany:
Wakulima wenzangu, naomba ufafanuzi. Shamba la mahindi ni ekari 2. SMS ya mbolea ya ruzuku imekuja na mifuko 2 ya NPK 23:23:0 ya kupandia na mifuko 2 ya CAN ya kukuzia. Huku tumezoea kupanda na DAP, mfuko mmoja kwa ekari. Je, hii itafanya kazi ile ile? Pili, jirani alisajiliwa lakini hajapata ujumbe wowote. Aanzie wapi?

Shamba_Kwanza:
Nianze na jirani, maana mvua haisubiri mtu. KIAMIS, mfumo wa serikali ya Kenya wa kusajili wakulima, ina namba ya kitambulisho, simu, ekari na mazao ya mkulima. Ujumbe huenda kwa simu ile iliyoandikwa siku ya usajili, kwa hiyo laini ikibadilishwa, au tarakimu moja ikikosewa, vocha, yaani namba ya kuchukulia mbolea, inapotelea huko. Aende kwa chifu au afisa wa kilimo wa wadi na kitambulisho halisi, aombe rekodi yake isomwe yote, hasa ekari. Zikiandikwa 0.2 badala ya 2, mifuko itapungua, na kulibaini hilo deponi siku ya kuchukua mbolea ni kuchelewa. Namba ya vocha asimtumie mtu yeyote, hata anayejiita afisa.

UdongoKwanza:
Kuhusu mbolea: hapana, si sawa. DAP ni 18:46:0 (asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi), kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Mfuko wa 23:23:0 una kilo 11.5 za kila moja. Fosfeti ni nusu, na ndiyo inayojenga mizizi. Ikipungua, mahindi machanga hudumaa na majani hugeuka zambarau.

Kwa ekari moja, mifuko 2 ya 23:23:0 inatoa fosfeti ile ile kilo 23, na naitrojeni kilo 23, karibu sawa na DAP mfuko 1 pamoja na CAN mfuko 1. Lakini usiache kukuzia: naitrojeni yote ikiwekwa wakati wa kupanda, mvua kubwa huisomba. Ukiongeza mfuko 1 wa 23:23:0 kwa ekari, iwe 2, CAN nusu mfuko mahindi yakifika magotini itatosha.

Angalia nafasi pia. Sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kwa shimo, ni mashimo kama 10,800 kwa ekari. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa, takriban gramu 5, kinamaliza mfuko mmoja na kidogo; kwa mifuko 2, kipimo ni maradufu. Kwa 75 kwa 25, mbegu moja, mashimo ni maradufu, basi tumia nusu kifuniko kwa kila mfuko. Changanya mbolea na udongo kabla ya mbegu kuingia, la sivyo mbegu itaungua. Na kama pH iko chini ya 5.5, weka chokaa kwanza. Fosfeti hufungwa na udongo wenye asidi, hata ukiongeza mifuko.

Mizani50:
Ruzuku ya sasa ilianza 2022 kwa shilingi 3,500 kwa mfuko, ikashuka hadi 2,500 mwaka 2023. Jumlisha nauli kabla ya kufurahia. Depo ikiwa mbali, wakulima kadhaa wakodi gari moja. Baada ya sakata la mbolea bandia la 2024, kagua mshono na alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), pima uzito, na utunze risiti pamoja na kilo moja ya mbolea kwenye mfuko wake hadi mavuno. Bila hivyo, malalamiko hayana ushahidi.