Kukompaili kumefika dakika 11, nimekosea wapi?

Wakuu habari zenu, nina projekti ya C++ naijenga kwa kompaila ya Clang na flagi ya -O3 (optimaizesheni ya juu), sasa nikasikia ukipandisha inline-threshold (kikomo ambacho kompaila inatumia kuamua fanksheni ipi inakiliwe pale inapoitwa) programu inakimbia zaidi, nikaweka 2000, aisee kukompaili kumetoka dakika 3 hadi 11 na spidi sioni, tena faili limenenepa balaa. Nirudishe ngapi?

jibu 1
2000 mbona umeua mkuu 😂 difoti ni 225, kwa -O3 ni 250. Ukipandisha hivyo msimbo wa fanksheni unanakiliwa kila zinapoitwa, msimbo unavimba mpaka kashe ya prosesa (kumbukumbu yake ndogo ya haraka) inazidiwa, ndo maana huoni spidi. Toa kabisa hiyo flagi.

jibu 2
Kabla hujagusa namba yoyote weka -ftime-trace, inakutolea ripoti ya JSON kwa kila faili unalokompaili, ifungue kwenye chrome://tracing ndani ya Chrome uone muda unaliwa wapi. Mara nyingi ni templeti na heda, optimaizesheni tunaisingizia tu.

muuliza swali
Nimetoa, imerudi dakika 3. Kumbe ni fanksheni moja tu ya ndani ya luupu ndo ilikuwa inahitaji

jibu 1
Hiyo iwekee always_inline (inaiambia kompaila iinakili hiyo tu), zingine achana nazo. Na ukiwa unadibagi tu, -O3 ya nini?