Mrejesho: macho ya kiroboti changu, nimeishia na OpenCV

Wakuu habari zenu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza nitumie programu gani ili kiroboti changu chenye Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) na kamera kiweze kufata mpira mwekundu, wengine mkasema YOLO (modeli ya AI ya kutambua vitu kwenye picha), wengine OpenCV ya kawaida (maktaba ya kodi za kuchakata picha).

Nilianza na YOLO, kutambua inatambua kweli, ila kwangu ilikuwa inasoma picha moja au mbili tu kwa sekunde, mpira ushapita ndo roboti inageuka. Nikamrudia yule mkuu aliyesema anza na rangi kwanza, toa picha kwenye BGR (rangi kwa bluu, kijani na nyekundu) uipeleke HSV (aina ya rangi, ukolezo na mwangaza), punguza saizi iwe pikseli 320 kwa 240, aisee imekubali, sasa hivi inafata mpira sebule nzima!

Pale niliposota siku mbili ni kwamba mpira ulikuwa unaonekana nusu, kumbe nyekundu kwenye OpenCV inakaa ncha zote mbili za kipimo cha hue (namba ya aina ya rangi, 0 hadi 179), yaani hue 0 hadi kama 10 na tena 170 hadi 179, kwahiyo unatengeneza maski mbili (picha zinazobakiza sehemu zenye rangi unayotaka tu) unaziunganisha. Mpira ukiwa wa kijani hii haikuhusu.

Kilichogoma ni usiku, taa ya njano ikiwaka inaacha mpira inafata mguu wa mtu, nimepandisha kiwango cha chini cha saturation (ukolezo wa rangi) na bado. Ila alama za ArUco (vimiraba vyeusi na vyeupe ambavyo kamera inavisoma kama namba) mlizonishauri nimeziprinti steshenari nikabandika ukutani, zenyewe zinasomeka hata usiku.

Asanteni sana, mmeniokolea muda mwingi mno.