Marudiano ya Canelo na Golovkin: nani alistahili kuinuliwa mkono?

MWENYE MADA, KIKWAJUNI

Assalaam alaykum jamani. Nailetea baraza hii mada iliyotugawa kule kwetu mpaka watu wawili wakaondoka bila ya kuagana. Pambano lenyewe la ngumi ni la zamani, la Septemba 15, 2018, lakini kila tukikaa kwenye kahawa linafufuka, na mie nina neno langu ambalo sijapata kulimaliza.

Kwa asiyekumbuka: Canelo Álvarez wa Mexico na Gennady Golovkin wa Kazakhstan walikutana mara ya kwanza Septemba 2017, Las Vegas, wakatoka sare. Marudiano yakawa hukohuko Las Vegas mwaka uliofuata. Kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi. Watu walisali alfajiri, wengine hawakurudi hata kubadili kanzu, wakenda moja kwa moja kwenye runinga ya jirani. Wale wawili walipanda ulingoni jua limeshachomoza, na raundi 12 zilipokwisha chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuinywa.

Majaji wawili, Dave Moretti na Steve Weisfeld, walimpa Canelo 115-113. Wa tatu, Glenn Feldman, aliandika 114-114. Golovkin akapoteza pambano lake la kwanza katika ngumi za kulipwa, na mikanda yake ya ubingwa ya vyama vya WBA na WBC ya uzito wa kati ikenda.

Sasa tufanye hesabu. Hakuna aliyeangushwa wala aliyekatwa pointi, kwa hiyo kila raundi ni 10 kwa 9, mshindi wake 10 na mwenziwe 9. Ukiandika 115-113 maana yake umempa mmoja raundi saba na mwenziwe tano. Hamisha raundi moja tu, kwenye karatasi ya jaji mmoja tu kati ya wale wawili, inakuwa 114-114. Karatasi mbili zikiwa sare pambano ni sare, na bingwa anabaki na mikanda yake. Dakika tatu za mtu mmoja ndizo zilizoamua.

Dai langu ni hili: majaji, na watu wengi waliokuwa wakitazama, hawakumpima Canelo dhidi ya Golovkin. Walimpima Canelo dhidi ya Canelo wa mwaka uliopita. Mwaka 2017 alirudi nyuma sana, akaegemea kamba, watu wakasema anakimbia. Mwaka 2018 akaja na sura nyingine, anakwenda mbele, anasimama katikati ya ulingo, na Golovkin ndiye aliyekuwa akirudi nyuma huku akipiga jebu, ile ngumi ndefu ya mkono wa mbele. Tukashangaa, na mshangao ule tukaugeuza pointi. Lakini kwenda mbele peke yake hakuna pointi yake. Jaji anatakiwa kutazama kwanza ngumi safi zilizofika na zikauma, halafu ndiyo ushambuliaji wenye faida, umiliki wa ulingo na ulinzi.

Nimelirudia pambano mara mbili, sauti nimeizima, daftari mapajani. Karatasi yangu ni 115-113 kwa Golovkin. Nipingeni.

WA MICHENZANI

Wa alaykumu salaam kaka. Nakupinga, na nakupinga kwa hesabu kama unavyopenda.

Ngumi zilihesabiwa. Kampuni ya CompuBox iliandika Golovkin amefikisha 234 katika 879 alizorusha, Canelo 202 katika 622. Wapenzi wa Golovkin wanaishika ile 234 wanatembea nayo mji mzima. Lakini zipasue ndani. Katika zile za Golovkin, 118 ni jebu. Za Canelo jebu ni 59 tu. Zilizobaki, 143, ni ngumi nzito, na Golovkin nzito zake ni 116. Halafu njoo mbavuni na tumboni: Canelo 46, Golovkin sita. Sita, kaka! Kwa raundi 12!

Ngumi ya mbavu haionekani vizuri kwenye runinga. Kichwa hakirukii nyuma, nywele hazitoi jasho, watu hawapigi kelele. Lakini waulize waliopigwa. Mie nimepigwa moja tu maishani, tukicheza, kijana mwenzangu kanipata hapa chini ya ubavu wa kulia. Nilisimama, nikacheka, nikahesabu mpaka tatu, halafu miguu ikanitoka. Ukizima sauti ukatazama vichwa tu, lazima utampa Golovkin.

WA WETE

Mie wa Pemba nitasema kwa ufupi. Kwetu mchezo wa ng'ombe tunaujua. Yule anayeshangiliwa na anayepigiwa vigelegele ni anayemsogelea ng'ombe mpaka pumzi zake zinamgusa. Anayecheza kwa mbali karibu na ua hakuna anayemjua jina. Golovkin maisha yake yote alikuwa ni mtu wa kwenda mbele, anasukuma watu kama mtumbwi. Siku ile kasukumwa yeye. Kama bingwa anarudi nyuma mbele ya mtu aliyeambiwa anakimbia, mie naona ameshajibiwa.

MWENYE MADA

Naanza na wewe wa Wete, kwa sababu mfano wako nimeupenda na naona unanisaidia mie. Yule anayemsogelea ng'ombe hashangiliwi kwa kusogea. Anashangiliwa kwa kuwa amesogea na pembe haikumpata. Akisogea akapigwa pembe, vigelegele vinageuka ukelele mwengine kabisa. Canelo alisogea, ndiyo, lakini jebu 118 zilimpata usoni akiwa anasogea. Hilo ndilo swali: aliyesogea alifika na nini?

Na neno ulilomalizia nalo, "ameshajibiwa", ndilo ninalolisema mie. Jibu la nini? La maneno ya mwaka uliopita. Hiyo si raundi ya pambano lile.

Kaka wa Michenzani, wewe umenipiga mahali panapouma na sitajidai. Ile 46 kwa sita ni kweli, na ni kweli kwamba mbavu huwa tunazidharau. Ila na mie nikuulize: jebu ya Golovkin unaiona kama ngumi ya kupunga nzi? Ile si jebu ya kupima umbali. Inapiga kama nyundo ya fundi seremala, moja, moja, mahali palepale. Na usijumlishe pambano zima. Raundi hazijumlishwi kama gunia la karafuu. Ngumi za mbavu 20 ulizopiga katika raundi mbili hazikupi raundi ya tatu. Raundi za mwisho, tuseme kuanzia ya tisa, Golovkin ndiye aliyekuwa akiongeza kasi na Canelo akivuta pumzi kwa mdomo. Kama mbavu zilikuwa zimemmaliza, mbona ni yeye aliyemaliza na nguvu?

WA JANG'OMBE

Mie ni mwanamke na ngumi nazitazama tangu utoto na kaka zangu, kwa hiyo nivumilieni niwaambie kitu ambacho wote mmekipita.

Mnazungumza kama kwamba pambano la pili lilianza kutoka hewani. Katika lile la kwanza jaji mmoja, Adalaide Byrd, alimpa Canelo 118-110. Yaani Golovkin kashinda raundi mbili tu! Moretti huyohuyo alimpa Golovkin 115-113, na wa tatu, Don Trella, akaandika sare. Watu wengi waliona Golovkin kaonewa. Halafu Februari 2018 Canelo akapimwa akakutwa na klenbuteroli, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, akasema ni nyama aliyokula Mexico, akafungiwa miezi sita, na marudiano yaliyopangwa Mei yakafa. Golovkin hakupumzika, akapigana na mtu mwengine. Canelo akarudi Septemba, akapewa pambano na akapewa na ushindi wa raundi moja.

Mie nasema katika hali kama ile, raundi zisizojulikana mwenyewe zilikuwa ni za bingwa. Mtu aliyeonewa mara ya kwanza haonewi tena kwa raundi moja.

MWENYE MADA

Dada yangu, wewe uko upande wangu na bado siwezi kukufuata.

Ukimpa Golovkin raundi ya pili au ya saba ya mwaka 2018 kwa sababu ya karatasi ya Byrd ya 2017, umefanya lilelile ninalowalaumu wengine. Wao wamempa Canelo zawadi ya kubadilika, wewe unampa Golovkin fidia. Wote mmebeba pambano la kwanza mkaliingiza ulingoni. Habari ya klenbuteroli ilikuwa ya tume inayosimamia ngumi, na tume iliimaliza kwa kumfungia. Kama miezi sita ni michache, na mie naona ilikuwa michache, tuilaumu tume. Jaji aliyekaa pale hana kalamu ya kuandikia mambo ya Februari.

WA MWANAKWEREKWE

Nawasoma tangu jana. Mie niseme nilichokiona kwa macho, kwa sababu hapa watu wote wanahukumu kutoka kwenye runinga.

Mnajua Unguja ngumi zilikuwa zimefungiwa miaka mingi sana, tangu enzi za Mzee Karume, mpaka serikali ya Rais Mwinyi ilipozifungulia, na 2023 ulingo ukasimamishwa Uwanja wa Mao Zedong. Baada ya hapo mie nikaanza kujifunza ujaji kidogo kidogo, kwa vijana. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye kiti cha jaji niligundua kwamba sikuwa nikijua chochote.

Kiti kiko chini ya ulingo, kichwa chako kiko usawa wa miguu yao. Majaji ni watatu, kila mmoja upande wake. Vijana wakigeuka, unaona mgongo. Mgongo mtupu, dakika nzima. Unasikia ngumi inalia, paa, hujui imelia kwenye uso au kwenye glovu. Jasho linadondoka kwenye karatasi, namba uliyoiandika inafifia. Kengele ikilia unaandika, karatasi inachukuliwa, imekwisha. Huwezi kuirudia kesho na daftari mapajani kama kaka wa Kikwajuni.

Kwa hiyo mie 115-113 ya Canelo siiiti wizi. 118-110 ya mwaka ule ndiyo siielewi mpaka leo. Karatasi mbili zilizofanana za 115-113 na moja ya sare, hao ni watu watatu waliotazama pambano gumu wakiwa pande tatu.

Nawakumbusha na lile la mabondia Bivol na Beterbiev, la Riyadh. Oktoba 2024 Beterbiev akashinda: 114-114, 115-113, 116-112. Wakarudiana Februari 2025, Bivol akashinda, na namba zikawa zilezile tatu: 114-114, 115-113, 116-112. Watu wawili wakilingana hivi, raundi tatu au nne hazina mwenyewe, na jaji lazima aziandike jina. Jambo moja ndilo nakubaliana na mwenye mada: jaji anayeingia na picha ya pambano la kwanza kichwani, zile raundi zisizo na mwenyewe atazigawa kwa picha ile bila hata kujijua. Mimi mwenyewe nilishafanya. Kijana mmoja niliyemuona dhaifu mwezi mmoja nyuma alikuja amekomaa, nikajikuta nampa raundi kwa furaha ya kumuona amekomaa. Nililala nalo vibaya.

WA MICHENZANI

Maalim umesema vizuri. Lakini basi mwenye mada naye ajibu: wakati anarudia pambano lile, yeye aliingia na picha gani? Tangu 2017 ni mtu wa Golovkin, barabara nzima ya Michenzani inajua. Kuzima sauti hakuzimi mapenzi. Mie namwomba kitu kimoja. Arudie zile raundi alizompa Golovkin kwa taabu, atazame kiunoni kwenda juu, asitazame nyuso. Halafu aje aseme kweli.

MWENYE MADA

Kaka, nilichukua siku mbili, na nimefanya ulivyosema. Raundi nilizompa Golovkin kwa taabu zilikuwa tatu. Niliweka kiganja juu ya kioo nikaficha vichwa vyao, nikabaki natazama viwiko na mbavu. Mke wangu alipita akaniuliza kama runinga imeharibika.

Mbili zimebaki za Golovkin. Hata ukificha nyuso unaona nani ananyanyuliwa kisigino na nani anakanyaga vizuri. Ya tatu, raundi ya nne, siwezi tena kuitetea. Nilikuwa nimehesabu jebu zote, na zile za mbavuni kama vile hazikupigwa. Viwiko vya Golovkin vinashuka kila baada ya sekunde chache, na mtu hashushi viwiko kwa raha. Raundi ile ni ya Canelo.

Kwa hiyo karatasi yangu leo ni 114-114, sawa na ya Feldman. Dai langu la kwanza silirudishi. Bado nasema mshangao wa kumuona Canelo akienda mbele ulimpa raundi ambayo ngumi zake hazikuilipia, na kwa sare mikanda ingelibaki kwa Golovkin. Lakini ile 115-113 ya Golovkin niliyokuja nayo naifuta kwa mkono wangu.

Wa Mwanakwerekwe, pambano la vijana likitangazwa tena niambie, nije nikae nyuma ya kiti chako na daftari. Nataka niuone huo mgongo.