Mjadala: Sifa zinazompa mtu uongozi ndizo zinazomfanya aongoze vizuri?

Wakuu, naileta hoja hii nikiwa na upande wangu tayari, na sitauficha. Kila panapotafutwa kiongozi, awe wa nchi, wa kampuni au wa kamati ya wazazi shuleni, kauli ni ileile: "Huyu hana haiba ya uongozi." Mara nyingi anayeambiwa hivyo ni mtu mkimya, asiyejipigia debe, anayefikiri kabla ya kujibu. Anayesifiwa kwamba amezaliwa kuongoza ni msemaji mzuri anayejiamini, hata kwa jambo asilolijua. Msimamo wangu ni kwamba tunachanganya sifa za kupata cheo na sifa za kukitendea haki cheo hicho. Zinagusana, lakini si zilezile, na kwa kuzichanganya tunaumia sote tunaoongozwa.

Imani kwamba kiongozi huzaliwa ni ya siku nyingi. Mwaka 1840 mwandishi Mskoti Thomas Carlyle alitoa mihadhara London akidai kwamba historia ya dunia kimsingi ni habari za watu wakubwa wachache. Mwaka 1948 mtafiti Mmarekani Ralph Stogdill akapitia tafiti nyingi na kuona hakuna fungu moja la sifa linalomfanya mtu awe kiongozi popote atakapowekwa; mazingira nayo yana nguvu. Baada yake wasomi wengi wakaipa haiba kisogo, na hapo naona walipitiliza.

Maana haiba ina uzito. Mwaka 2002 mtafiti Timothy Judge na wenzake walikusanya matokeo ya sampuli 73, yaani makundi ya watu waliochunguzwa, na kuyapanga kwa vipengele vitano vikuu vya haiba: uchangamfu, uwajibikaji, uwazi kwa mawazo mapya, upole, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Cha maana zaidi, walitenganisha maswali mawili: nani huibuka kuwa kiongozi, na nani huongoza kwa ufanisi. Kwa kipimo ambacho sifuri ni kutohusiana kabisa na moja ni kuhusiana kikamilifu, uchangamfu ulipata 0.33 kwenye kuibuka na 0.24 kwenye ufanisi. Sasa utazameni upole: kwenye kuibuka 0.05, yaani karibu na bure, lakini kwenye ufanisi 0.21. Sifa ambayo haimsaidii mtu kukipata kiti inakaribia kulingana na uchangamfu akishakikalia. Nikisoma takwimu hizo naona wapole wangapi tumewapita mlangoni.

Kuna atakayesema ufanisi wenyewe hupimwa kwa maoni ya wakubwa na walio chini, nao wanaweza kupumbazwa na mvuto. Ni kweli. Lakini pingamizi hilo linaniongezea nguvu: kama kipimo kinampendelea mwenye mvuto na bado upole umepata namba hiyo, basi huenda thamani yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Tuangalie jinsi kiongozi anavyoibuka. Waweke watu wasiofahamiana kwenye chumba kimoja na kazi ya kufanya. Kwanza ni kimya cha sekunde chache. Kisha mmoja anasema, "Basi tuanze hivi," na macho yote yanamgeukia. Akinyamaza, wanamsubiri aendelee. Mwenye swali anamwelekezea yeye. Nusu saa baadaye ni mwenyekiti bila kura kupigwa, na aliyeisoma karatasi ya maelekezo hadi mwisho bado anatafuta nafasi ya kusema kwamba kundi limeelewa vibaya kipengele cha pili. Utafiti wa Neil MacLaren na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba muda ambao mtu anazungumza unabashiri kutajwa kwake kuwa kiongozi, hata baada ya kuzingatia akili na haiba.

Nimewahi kukaa kwenye jopo la usaili wa nafasi ya usimamizi. Mmoja wa waombaji aliomba dakika moja ya kufikiri, kisha akatuuliza kwa nini waliotangulia kwenye nafasi ile waliondoka. Kwangu lilikuwa swali bora la siku nzima. Tulipolinganisha madokezo, maneno "hana mvuto" yalijirudia kuliko neno lolote kuhusu uwezo wake wa kazi.

Wanaosema uongozi uko kwenye damu wana ushahidi wao, na nauheshimu. Utafiti wa mapacha wa kiume huko Minnesota, uliotoka mwaka 2006, ulihusisha takriban asilimia 30 ya tofauti za watu katika kushika nyadhifa za uongozi na urithi. Lakini angalieni kilichopimwa: kushika wadhifa. Hakikupimwa alichokifanya mtu akiwa nao.

Na hatari kubwa iko hapa. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Emily Grijalva na wenzake kuhusu watu wanaojitukuza ulikuta kwamba huibuka viongozi kwa urahisi, ila haukuona kwamba kadiri wanavyojitukuza ndivyo wanavyoongoza vizuri zaidi. Kiasi cha wastani kilikuwa bora kuliko kidogo sana au kupindukia.

Wala sisemi kwamba kimya kingi daima kina mshindo mkuu. Mwaka 1940, katikati ya vita, Uingereza ilimhitaji Winston Churchill kama waziri mkuu, na ulimi wake ulikuwa silaha. Lakini katika serikali yake ya vita alikuwamo Clement Attlee, mwenye haya na maneno machache mno. Mwaka 1945 wananchi waliomshangilia Churchill walikipa chama cha Attlee ushindi mkubwa. Attlee akawa waziri mkuu, akaongoza baraza la mawaziri lenye majabali kama Ernest Bevin na Aneurin Bevan, akiwaacha waseme kisha anafunga hoja kwa sentensi chache. Mwaka 1948 serikali hiyo ikaanzisha huduma ya afya ya umma ambayo Uingereza inayo hadi leo. Huyo angepita kwenye usaili wetu?

Najua kuna upole wa kuburuzwa, wa kiongozi anayemkubalia kila aliyeingia ofisini mwisho. Huo siutetei. Ninaoutetea ni ule unaomwezesha mtumishi wa chini kuleta habari mbaya mapema bila kuogopa kufokewa. Ndiyo maana napendekeza tuwaulize kwanza waliowahi kufanya kazi chini ya mgombea: kosa lilipotokea, alifanya nini saa ile? Nani alilaumiwa? Wazo la mwingine lilipofanikiwa, sifa alipewa nani? Majibu ya hapo nayaamini kuliko hotuba yoyote.

Wenye msimamo tofauti karibuni, hasa mliowahi kuajiri au kusimamia uchaguzi. Mkiwa na nusu saa tu ya kumsikiliza mtu, mnatenganishaje kujiamini na uwezo?