Wabunge wa Conservative na kura za kuazimana: Cleverly Jumanne ana 39, Jumatano ana 37. Hesabu gani hii?

#1

Wakuu, heshima kwenu.

Nimechoka kusoma humu kwamba "wanachama wa Conservative ndio waliomchagua Kemi Badenoch" kuwa kiongozi wa chama mwaka 2024, au "wanachama ndio waliowaletea Waingereza Liz Truss", waziri mkuu wa 2022. Wanachama waliletewa sahani ina vipande viwili wakaambiwa chagueni. Waliokuwa jikoni ni wabunge, na mlango walikuwa wameufunga kwa ndani. Uzi huu ni wa jikoni: jinsi wabunge wa chama hicho cha Uingereza wanavyochuja wagombea wa uongozi.

Utaratibu kwanza, maana wengi mnauruka halafu mnabishana na matokeo. Tangu mageuzi ya William Hague, kiongozi wa chama wakati huo, mwaka 1998, wabunge wa chama wanapiga kura kwa raundi. Anayeshika mkia anatoka, inaitishwa raundi nyingine, hadi ipatikane mbili bora. Hao wawili ndio wanapelekwa kwa wanachama wenye kadi. Anayesimamia mchujo ni Kamati ya 1922, chombo cha wabunge wa viti vya nyuma (wasio na vyeo vya uongozi), na masharti inayapanga upya kila msimu. Julai 2022 ulihitaji wadhamini 20 kuingia na kura 30 kuvuka raundi ya kwanza. Oktoba mwaka huohuo wadhamini wakawa 100, na kwa sharti hilo Rishi Sunak akapita bila kupingwa. Mwaka 2024 wakashuka hadi 10. Kura yenyewe ni ya siri: mbunge anaingia chumba cha kamati pale Westminster, anaweka alama kwenye jina moja, anatumbukiza karatasi, anatoka. Jina moja tu. Shika hapo kwenye jina moja, ndipo mchezo wote ulipo.

Sasa tuje 2024. Chama kimetoka kwenye uchaguzi wa Julai kikiwa na wabunge 121. Wagombea sita. Septemba 4 Priti Patel akatoka na kura 14. Septemba 10 Mel Stride akatoka na 16. Wakasimama karibu wiki nne kupisha mkutano mkuu wa chama kule Birmingham, ambako kila mmoja wa wanne waliobaki alipewa dakika 20 za kuhutubia. James Cleverly, aliyekwenda Birmingham na kura zake 21, akaongea akaeleweka. Jumanne Oktoba 8 matokeo yakawa hivi: Cleverly 39, Robert Jenrick 31, Badenoch 30, Tom Tugendhat 20. Tugendhat akafunga virago.

Chukueni kalamu. Zimepigwa kura 120 na wamebaki watatu. Cleverly anahitaji ngapi ili asishike mkia? Akifika 41, wenzake wawili wanagawana 79, na hakuna namna ya kugawa 79 ukawapa wote wawili zaidi ya 41. Kwa hiyo alihitaji kura mbili. Mbili tu, kati ya 20 za Tugendhat zilizokuwa zinaelea, tena za mtu wa upande wake wa kati ndani ya chama!

Kesho yake: Badenoch 42, Jenrick 41, Cleverly 37. Alihitaji mbili, akapoteza mbili.

Badenoch ameongeza 12 na Jenrick 10, jumla 22. Tugendhat aliacha 20. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba watu wote wa Tugendhat walimkwepa Cleverly, jambo ambalo siliamini, bado wawili walitoka kwenye mfuko wake mwenyewe. Na kwa kila mtu wa Tugendhat aliyehamia kwake, ongeza mmoja wa kwake aliyeondoka. Wakija watano, wameondoka saba. Wakija kumi, wameondoka kumi na wawili.

Inakuwaje mtu amhame mgombea wake siku anayoongoza? Mbunge wa kambi ya Cleverly anaona 39, anajiambia "mzee ameshapita, kura yangu sasa ni ya akiba". Anaiazimisha kwa yule anayedhani atashindwa kirahisi kwa wanachama, ili mbili bora iwe ya mteremko. Shida ni kwamba kwenye korido kuna mwenzake anapiga hesabu ileile, na wa tatu, na wa nne. Kura ni ya siri, hakuna daftari la nani ameshaazimisha, kwa hiyo hakuna anayejua akiba imekwisha mpaka karatasi zihesabiwe. Ilipangwa au kila mtu alijiamulia kivyake, karatasi haisemi. Sisi Watanzania neno lake tunalo tangu kura za maoni za 2020: wajumbe si watu.

Na msiniambie ni ajali ya mwaka mmoja. Mwaka 2001 Kenneth Clarke alipata 59, Iain Duncan Smith 54, Michael Portillo 53. Portillo aliyeongoza raundi ya kwanza akatolewa kwa kura MOJA. Wanachama wakampa Duncan Smith, na mwaka 2003 wabunge haohao wakamng'oa kwa kura 90 dhidi ya 75 kabla hajaongoza chama kwenye uchaguzi mkuu hata mmoja.

Mwaka 2019, raundi ya nne: Boris Johnson 157, Michael Gove 61, Jeremy Hunt 59, Sajid Javid 34. Javid akatoka, na baadhi ya watu wake walishasema hadharani wanahamia kwa Johnson. Raundi ya tano: Johnson 160, Hunt 77, Gove 75. Yaani Johnson kaongeza tatu tu, na Gove aliyekuwa wa pili akawa wa tatu kwa tofauti ya kura mbili. Minong'ono ikawa kwamba kambi ya Johnson ilimwazimisha Hunt ili imkwepe Gove kwenye mdahalo. Haikuthibitishwa, na kwa kura ya siri itathibitishwaje?

Inayoniuma zaidi ni ya 2022, kwa sababu ile haikuwa ya kupata kiongozi wa upinzani kama ya 2001 na 2024. Ilikuwa ya kupata waziri mkuu wa nchi. Sunak aliongoza raundi zote tano. Truss raundi ya kwanza alikuwa na kura 50 kati ya 357, mbunge mmoja kati ya saba. Raundi ya nne alikuwa wa tatu: Sunak 118, Penny Mordaunt 92, Truss 86, Badenoch akatoka na 59. Raundi ya tano: Sunak 137, Truss 113, Mordaunt 105. Tofauti ni nane. Wabunge watano wangehama kutoka kwa Truss kwenda kwa Mordaunt, Truss asingeonwa na mwanachama hata mmoja. Kwa wanachama akashinda kwa 81,326 dhidi ya 60,399, Septemba 5. Oktoba 20 akatangaza kujiuzulu.

Mnasema aliangushwa na bajeti yake ya Septemba. Sawa, bajeti iliwasha moto. Lakini aliingia Downing Street akiwa chaguo la wabunge 113, chini ya theluthi ya wabunge wake mwenyewe. Wanachama hawaingii bungeni kupitisha muswada wala kuzuia uasi, wanaoingia ni wabunge, na wawili kati ya kila watatu walikuwa wameshamkataa kwa karatasi wiki saba kabla. Badenoch naye alipata 42 kati ya 121, fungu karibu lilelile.

Dawa ipo na haigharimu kitu: karatasi moja, siku moja, mbunge apange majina 1 hadi 6. Anayeshika mkia akitolewa, karatasi zake zinahamia kwa namba 2. Hakuna kuazimisha usiku wa manane, kwa sababu hakuna usiku kati ya raundi na raundi.

Nawasilisha.

#2

Mkuu, hesabu zako ziko sawa ila dawa yako ina sumu. Kwa karatasi moja ya Septemba 4, Cleverly alikuwa wa tatu na 21, nyuma ya Jenrick 28 na Badenoch 22. Hiyo 39 unayoililia ilitoka wapi? Ilitoka kwenye nafasi kati ya raundi, pale Birmingham. Raundi zinampa mtu muda wa kukua. Ukizifuta, anayeanza na mtandao mkubwa anamaliza na mtandao mkubwa.

Na kura ya siri usiichokonoe. Juni 6, 2022 wabunge 148 walisema hawana imani na Johnson, 211 wakasema wanayo. Wangeitwa majina hadharani mbele ya waziri mkuu anayegawa vyeo, ungeziona hizo 148?

#3 (mleta uzi)

Kura iwe wazi sijasema popote, rudi usome. Siri ibaki. Ninachotaka kuondoa ni ubao wa matokeo katikati ya mchezo. Kuazimisha kunahitaji vitu viwili: ujue leo nani ana ngapi, na upewe karatasi nyingine kesho. Ukiondoa kimoja, mwenye ujanja anabaki anabahatisha.

Kwenye Birmingham umenishika, nakubali. Basi karatasi hiyo ya kupanga majina ipigwe BAADA ya mkutano mkuu, wagombea wote sita wakiwa wameshahutubia. Patel na Stride hawakuipata hata hiyo nafasi.

Kuna atakayeniletea chama hasimu cha Labour, kwamba wenzao wameacha kazi kwa wanachama. Huko wanaazimisha mlangoni badala ya jikoni. Mwaka 2015 Jeremy Corbyn alihitaji wadhamini 35 kati ya wabunge wenzake, akapata 36, na baadhi yao walimdhamini bila nia ya kumpigia kura, ati wapanue mjadala. Wanachama wakampa asilimia 59.5. Mwaka uliofuata wabunge 172 wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, 40 tu wakabaki upande wake. Ukiazimisha, anayekuja kudaiwa ni chama.

#4

Nyongeza fupi. Wakilingana mkiani? Ilishatokea 2001: David Davis na Michael Ancram walipata 21 kila mmoja raundi ya kwanza, ikabidi wabunge wote warudie. Hapo wenye kura za akiba walipewa zawadi ya raundi ya bure.

Na ndugu zetu mlioko Uingereza, msichanganye mambo. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda mwenye ukaazi halali kule anajiandikisha na kupiga kura ya ubunge kwa sababu nchi yake iko Jumuiya ya Madola. Kura ya kiongozi wa chama ni nyingine kabisa, inataka kadi. Mwaka 2024 ilibidi uanachama uwe umetimiza siku 90, na waliostahili walikuwa 131,680. Badenoch alipata 53,806, Jenrick 41,388. Jenrick ni yuleyule aliyejiuzulu uwaziri wa uhamiaji Desemba 2023 akilalamika kwamba muswada wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda ni laini mno. Kwa hiyo anayekata kadi leo akitegemea kuamua nani aongoze, ajue karatasi yake itakuja na majina mawili, na hayo hayapangi yeye.

#5 (mleta uzi)

Hiyo ya 2001 nilikuwa nimeisahau, asante. Mwenye matokeo ya raundi zote za 2005 na 2016 ayaweke hapa tuendelee kukokotoa.