Likizo ya uzazi inaisha, mtoto ana miezi mitatu, hii maziwa itakuwaje?

mama_wa_umoja2:

Hamjambo wamama, na wababa pia kama mko. Niko na swali na msinicheke. Likizo yangu inaisha wiki ijayo, Jumatatu natakiwa ofisini Industrial Area hapa Nairobi, na huyu mdogo ndio tu ametimiza miezi mitatu. Kliniki nasi (muuguzi) aliniambia mtoto asipewe kitu kingine chochote hadi miezi sita, hata maji, ni maziwa ya mama peke yake. Sawa, nimekubali, lakini hiyo hesabu inafanywa aje, sheria inanipa miezi mitatu na titi inatakiwa miezi sita, hiyo mitatu ya katikati nani ananinyonyeshea?

Kwa nyumba niko na dada wa kazi, ni msichana mzuri lakini hajawahi kulea mtoto mdogo hivi, halafu kuna mkubwa wa PP1 (chekechea) ambaye basi ya shule inamchukua asubuhi kabla kupambazuka vizuri na kila siku lazima soksi moja ipotee. Mama mkwe amekuja kutoka ushago kutusaidia, nampenda walai, lakini yeye ashaamua. Mtoto akilia tu ni "huyo ana njaa, maziwa yako ni maji, mpikie uji mwepesi wa wimbi." Juzi nimeingia jikoni nikapata ashauchuja na kitambaa, ameuweka kwa kikombe kidogo anaupuliza. Nikimwambia mambo ya miezi sita ananiangalia tu, anasema baba yao alianza uji akiwa miezi miwili na si huyo hapo amejaa mlango. Na huyo aliyejaa mlango hasemi kitu, anajifanya anaangalia mpira.

Nimejaribu kukamua na mkono nikapata kitu kidogo hata haifiki nusu kikombe. Friji iko lakini friza ni ile kasanduku ka juu ndani ya friji, na stima mnajua vile hupotea huku kwetu. Niende na pampu kazini? Nikamulie wapi na choo ni moja na watu wamepanga laini? Ama nianze tu maziwa ya kopo kelele ziishe? Niambieni vile mlifanya nyinyi, si vile imeandikwa kwa ukuta wa hospitali.

---

kamua_alfajiri:

Pole mamaa, hiyo wiki ya kurudi kazi acha tu. Kabla hatujafika kwa maziwa, uliza HR uko na siku ngapi za likizo ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka ati kwa sababu alienda ya uzazi, na ya mwaka ni siku 21 za kazi kwa uchache, sasa ukizishikanisha na hiyo miezi mitatu unapata kama mwezi mwingine hivi na mtoto anafika minne. Mabosi wengi hawawezi kukwambia hiyo wenyewe. Na usiende kuongea kwa korido, andika barua pepe leo leo ukae na nakala.

Sasa maziwa. Nusu kikombe si kidogo! Titi hutengeneza vile linatolewa, na wewe bado unanyonyesha mchana wote, ulitaka litoe lita? Kamua asubuhi mapema juu ndio wakati huwa mengi, mtoto akiwa upande mmoja wewe unakamua ule mwingine, maziwa yatashuka pande zote. Nawa mikono, weka kitambaa cha maji moto kwa titi dakika kadhaa, sugua kuelekea mbele, halafu kidole gumba juu na vingine chini pale weusi unapoishia, sukuma kwanza nyuma kwa kifua ndio ubane. Ukivuta chuchu yenyewe utaumia bure na hakuna kitu inatoka. Mwanzoni ni matone, usiachie hapo, likishuka litaruka hadi kwa ukuta.

Kuweka: kwa meza mahali pa baridi ni masaa manne, ndani ya friji siku nne, friza ya maana yenye mlango wake ni kama miezi sita, lakini hako kasanduku kako mimi singekaamini hivyo, tumia ndani ya wiki mbili tu. Weka kidogo kidogo, kila chombo kiwe cha kunyonya mara moja, na ubandike tarehe. Kuyapasha unaweka chombo ndani ya sufuria ya maji moto, si juu ya jiko na si ndani ya maikrowevu. Ile imeyeyuka usirudishe friza. Na umwonyeshe dada mapema kwamba hayo maziwa yakikaa hujitenga, mafuta yanapanda juu chini inabaki kama maji, ni kutingisha tu polepole. Wangu alimwaga yote kwa sinki akanipigia simu na huruma nyingi, "mum maziwa imeharibika."

---

nasi_zamu_ya_usiku:

Mimi ni nasi kliniki ya watoto, nitajibu hapo kwa uji.

Tumbo la miezi mitatu halijakomaa kwa uji, na huo uji unapikwa na maji, unachujwa na kitambaa, unawekwa kwa kikombe, hizo zote ni njia za uchafu kuingia na hapo ndio kuhara huanzia. Pia uji mwepesi unajaza tumbo bila kumpa mtoto nguvu ya maana, halafu ananyonya kidogo, na akinyonya kidogo maziwa yako yanapungua kweli, basi shosho anasema si nilikwambia.

Kujua kama anashiba usiangalie kilio, watoto hulia kwa joto, usingizi, gesi, na wengine jioni wanalia tu. Angalia mkojo, kama analowesha nepi sita ama zaidi kwa siku na zile kilo kwa kitabu cha kliniki zinapanda na ule mstari, anashiba. Kumwachia: kadiria mililita 30 hadi 45 kwa kila saa haupo. Ukitoka masaa kumi na jam ya Jogoo Road ikiwa ndani, hiyo ni 300 hadi 450, na si lazima siku ya kwanza uache yote, ukirudi anyonye usiku vile anataka.

Mpewe na kikombe kidogo kisafi, si lazima chupa. Chupa ni ngumu kuosha, chuchu yake inashika maziwa pale ndani na dada ako na haraka. Kikombe unakiinamisha hadi maziwa yaguse mdomo wa chini, mtoto anaramba mwenyewe, usimmiminie.

Na huyo shosho umlete kliniki ile siku ya kupima kilo. Usimwambie ni ya kufundishwa, mwambie akusaidie kubeba. Wacha asikie kutoka kwetu, sisi tumezoea kukasirikiwa. Halafu mpe hiyo kazi ya kikombe iwe yake. Mara nyingi nyanya hataki uji kama uji, anataka kuonekana amelisha mjukuu.

---

mtumba_na_mtoto:

Nimesoma zote nikacheka kidogo juu hizi sheria ni za wenye ofisi. Mimi nauza nguo za watoto Gikomba, likizo yangu ya uzazi ilikuwa mpaka kodi ya nyumba ifike. HR wangu ni mimi, na nilijinyima.

Lakini kitu moja naweza kukwambia na sijaona mtu amesema. Kila mtu anatafuta mahali pa kuwacha mtoto karibu na nyumba. Mimi nilitafuta karibu na kazi. Kuna mama anaangalia watoto hapo nyuma ya soko, nilikuwa nampelekea asubuhi nikifungua bale, saa nne naruka kumnyonyesha, saa saba tena, jirani wa kibanda ananiangalilia mali. Hiyo ya kukamua sikuwahi ijua, na friji yenyewe sina. Sasa wewe Industrial Area, South B si ni hapo tu? Uliza uliza huko, angalia wamejaa watoto wangapi kwa huyo mama mmoja, angalia choo na maji, na uende bila kuwaambia unakuja. Ukifika saa nane mchana upate watoto wote wamelala fofofo kama wamepigwa sindano, toka hapo usirudi.

Na kama itafika maziwa ya kopo wacha mtu asikuhukumu. Ni vile tu uhesabu bei ya mkebe na unaisha ndani ya siku chache, kuna wenye huongeza maji ndio ukae na hiyo ndio mbaya kuliko yote. Kama huwezi nunua ya kutosha usianze.

---

bibi_wa_southC:

Ahsanteni kwa maneno mazuri. Mie ni mtu wa Mombasa, nipo Nairobi kwa kazi ya bwana. Dada yangu, hilo la kukamulia chooni likatae kabisa, ungemlisha mwanao chakula kilichopikwa msalani? Ipo Sheria ya Afya ya mwaka 2017, vifungu vya 71 na 72, inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha penye maji ya kunawa, friji, soketi ya pampu, meza ndogo na kiti. Na utapewa muda wa kukamua mbali na ule wa chakula cha mchana, jumla isizidi saa moja kwa kila masaa manane ya kazi. Wengi hawajafanya, najua, lakini ukienda na kifungu mkononi watu huchangamka. Mwenzangu mmoja alipewa stoo ya karatasi, akatia pazia na ufunguo, basi. Siku ya tatu akaja wa pili na pampu yake, kumbe naye alikuwa akijificha ndani ya gari.

Vaa nguo yenye vifungo mbele na uchukue kanga ama leso ya ziada, maana ikifika saa ya mtoto kunyonya maziwa hayaulizi kama upo kikaoni.

---

baba_wawili_donholm:

Mzee wa mpira asimame hapo mlango kidogo nimwongeleshe. Kaka, huyo ni mama yako, si mama yake. Hiyo maneno ya uji ni wewe unafaa kusema. Bibi yako akisema ni dharau, wewe ukisema ni mtoto wake ameamua. Mimi nilimwambia mathe "daktari amekataa", nikarudia hiyo tu kila siku, sikubishana, mwishowe akaanza kuwaambia majirani daktari amekataa.

Pia kuna kitu: wetu alikataa kikombe na chupa kabisa bibi akiwa hapo. Ananusa titi liko karibu, ya nini plastiki? Ilibidi atoke aende hadi duka la mbali, ndio mimi nikampa na akakubali, na kelele kiasi. Kwa hivyo usingoje Jumatatu, anza wikendi hii na asikuone. Na ile likizo yetu ya wiki mbili za baba kama jamaa hakuichukua mtoto akizaliwa aulize bosi wake sai, mbaya zaidi atakataliwa.

---

mama_wa_umoja2:

Aki asanteni, nimesoma nikilia na kucheka. Nimeandikia HR, wamesema niko na siku 16 zimebaki, meneja bado hajasaini lakini hajakataa. Mpira umezimwa na mazungumzo yamefanyika, shosho amenuna kuanzia jana lakini leo asubuhi nimemsikia akiuliza dada kikombe cha mtoto kiko wapi. Huyu wa PP1 naye amepata chombo cha maziwa kwa friji akaonja, amesema chai ya bebi haina sukari.

Swali la mwisho: stima ikipotea usiku mzima hizo za friza natupa? Na kutoka ofisini hadi Umoja jioni nabeba na nini?

---

kamua_alfajiri:

Usifungue friji kabisa stima ikienda. Ikirudi angalia, kama bado yako na vipande vya barafu ndani rudisha friza hakuna shida, kama yameyeyuka yote lakini bado ni baridi weka chini kwa friji utumie ndani ya siku moja. Yakipata joto, mwaga, hata kama inauma.

Kubeba ni kibegi cha kushika baridi na zile pakiti za barafu, hiyo inashika hadi masaa 24. Kama huna, chupa ya chai ya mdomo mpana, ijaze barafu asubuhi, jioni mwaga maji utie kikopo ndani na barafu ile imebaki. Tena andika jina kwa kile cha friji ya ofisi. Kwetu kuna mtu alitia kwa kahawa.

---

mtumba_na_mtoto:

😂😂 Kahawa ilikuwa tamu lakini?

---

kamua_alfajiri:

Alisema ni laini.